Bendi Iliyopoteza Injini

Ukitaka kumjua Mzee Mabonga, msubiri amalize kuchomelea geti. Fundi mwingine hapa Huruma, Eldoret, akimaliza, huosha mikono na kumpigia mwenye geti simu aje alichukue. Mabonga huligonga kwanza. Huchukua nyundo ndogo, akagonga juu, akagonga katikati, akainamisha kichwa kusikiliza, na lisipomfurahisha huongeza chuma mahali ambapo hakuna aliyemwomba. Ndiyo maana mtaani kwetu kuna mageti yanayoimba upepo ukivuma. Wenyewe wamekuja kulalamika mpaka wakachoka. "Hiyo nimekuongezea bure," huwaambia.

Mimi naitwa Jepkosgei, ingawa hapa ni Mama Cynthia tu. Nina kisiagi cha mahindi, na mlango wangu unatazamana na karakana yake. Kwa miaka ishirini na sita nimesagia watu unga kwa injini ya dizeli, na kwa miaka hiyo yote, kila Jumamosi saa nane, Mabonga na wenzake wawili wamekuja na vyombo vyao kupigia muziki ndani ya kisiagi changu, injini ikinguruma. Sikuwaalika. Walikuwa wamefukuzwa kila mahali pengine, na kwangu hakuna jirani angeweza kusema wamezidisha kelele, kwa sababu kelele ilikuwa imejaa tayari.

Bendi yenyewe inaitwa Vyuma vya Huruma na wanasema wanapiga roki. Mimi sibishi. Mabonga alitoka Kimilili akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na mshahara wa kwanza akanunua kanda ya roki isiyo na jalada kutoka kwa mchuuzi. Ile kanda ilikuwa imeachwa juani, utepe umelegea. Kila wimbo ulianza vizuri, ukafika katikati ukazama, ukavutika, ukalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni, kisha ukaibuka tena. Mabonga akadhani wenyewe walikusudia hivyo. Alikaa mwaka mzima akijifunza kuzamisha gitaa. Miaka mingi baadaye alizisikia nyimbo zile zile redioni, zikiwa nzima, na akanijia amekasirika kweli kweli.

"Wameziharibu," akasema. "Wametoa ile sehemu tamu."

Mpiga besi ni Kipkemboi, ambaye sisi humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Siku hizi analima viazi kwao Ainabkoi, na hushuka kila Jumamosi na besi lake akiwa amelizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Wa tatu ni Munene, fundi wa redio na stima, anayepiga kinanda na kurekodi. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Mpiga ngoma alikuwa injini yangu. Ilikuwa na ugonjwa, ile injini: kila ikifika pigo la saba ilikohoa. Mwalimu alilihesabu pigo lile, akaliandika ubaoni, na tangu siku hiyo nyimbo zote za Vyuma vya Huruma zikawa na kikohozi.

Wametoa albamu tatu. Ya kwanza ina wimbo mmoja wa dakika arobaini, uliorekodiwa siku ya mahindi makavu. Ya pili walirekodi wakati nasaga mtama, na wao husema tofauti inasikika. Kwenye ya tatu kuna sauti yangu, maana katikati ya kurekodi mteja alileta kopo dogo nami nikapaza sauti, "Leta debe! Si hiyo, ile kubwa!" Munene alikataa kuifuta. Hayo ndiyo maneno pekee ya bendi hiyo ambayo watu wa Huruma waliwahi kuyashika, na kwa mwaka mzima watoto wa mtaa waliniita Leta Debe. Nilinuna wiki mbili.

Mshabiki wao alikuwa mmoja. Anaitwa Cyril, karani wa stoo ya mbolea. Alikuwa akija na kusimama karibu na mlango, amefumba macho, anatikisa kichwa kila injini ikikohoa. Anazo albamu zote tatu na amezizungushia nailoni.

Sasa nikuambie kuhusu Nasike, mke wa Mabonga, ambaye yeye humwita Mama Joy. Nasike hushona sare za shule nyumbani kwake, na kanisani ndiye anayefundisha kwaya. Ana masikio ambayo sijui aliyapata wapi. Mtu wa mstari wa nyuma akikosea kidogo tu, yeye humtaja kwa jina bila kugeuka. Kila Jumamosi saa kumi alikuja na chupa ya chai na mandazi, akaviweka juu ya mizani yangu, akasimama kidogo na uso wa mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika, kisha akaondoka wimbo ukiwa bado katikati. Hakuwa na ubaya wowote. Alimpenda mume wake, alimpikia, alimtetea hata mbele ya mchungaji siku ile iliposemwa kwamba Mabonga anaimba mambo ya shetani. Muziki tu ndio ulimshinda. Na kila alipogeuka kuondoka, Mabonga alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mabonga alikuja kuchukua unga wake, na badala ya kwenda akaketi juu ya gunia. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimekataa kukunjika.

"Asubuhi ndiyo mbaya," akasema. "Moto wa welding, halafu baridi ya Eldoret. Daktari ameniambia haitarudi vile ilikuwa. Gitaa nimebaki nayo mwaka huu, labda."

"Pole, Mzee."

"Tunafanya albamu ya nne, halafu basi." Akavificha vile vidole kwapani. "Mama Cynthia, mimi sitaki redio. Hata hao watu wa Nairobi wakae na redio yao. Nataka tu Mama Joy akae mpaka wimbo uishe. Mara moja tu."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Akae hapo kama mtu anangojea sindano? Hapana. Nataka akae mwenyewe."

Nilimwonea huruma, lakini nilivyoijua ile injini na lile gitaa linalozama, moyoni nilisema, mzee, utangoja sana.

Mwezi wa tatu, Ijumaa asubuhi, injini yangu ilikohoa pigo la saba na haikufika la nane. Ilipasuka katikati. Fundi aliyekuja kuitazama alivua kofia. Nikamwita Munene, naye siku hiyo hiyo akanifungia mota ya stima, akiimba kwa raha na kunisifia jinsi isivyotoa moshi. Alifunga nyaya zote, akaijaribu, akafurahi, akaenda zake nyumbani. Haikumjia kichwani hata kidogo kwamba amemzika mpiga ngoma wake kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi wakaja. Nikawasha mota, nayo ikaguna kidogo tu, kama paka aliyeshiba. Mabonga akahesabu, wakaanza. Mwenyezi Mungu! Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kila mmoja alikuwa amekwenda njia yake. Wakasimama, wakatazamana, wakaanza tena, ikawa mbaya zaidi.

"Mwalimu," Mabonga akauliza, "unapiga wimbo gani?"

"Ile ya geti la kanisa."

"Sisi tuko kwa ile ya mvua ya Soy!"

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza.

Munene alikuna kichwa. "Nafikiri tangu albamu ya pili," akasema polepole.

Miaka kumi na moja! Mwalimu wa hesabu, mtu aliyehesabu kikohozi cha injini mpaka akakiandika ubaoni, alikuwa akipiga wimbo mwingine kwa miaka kumi na moja na hakuna aliyesikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikupaswa kucheka. Mwalimu aliweka besi lake kwenye blanketi, akatoka, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Katika Jumamosi hizo mbili Mabonga alikuja peke yake. Aliketi kwenye kona yake ya kawaida na gitaa, akaimba akijaribu kupanga upya nyimbo zake, nami nilikuwa namsagia Bridgit, jirani yetu mwenye kibanda cha chapati. Mota inaguna, unga unashuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikasikia maneno.

Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa. Wimbo mmoja ulisema Nasike, funga dirisha, baridi ya mwezi wa saba imeingia. Mwingine ulihusu sweta ya kijani ambayo Nasike alimfumia, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Mabonga hakuwahi kumwambia. Mwingine ulikuwa wa mvua ya Soy. Siku hiyo Mabonga alikuwa ametumwa kuchomelea geti huko, mvua ikamkuta sokoni, na msichana asiyemjua, muuza mboga, akamkaribisha chini ya mwavuli wake. Nilizima mota. Bridgit alikuwa amesimama, amekumbatia debe, mdomo wazi.

"Kumbe ni za mapenzi?" akasema. "Na sisi tulikuwa tunaombea huyu mtu?"

Mabonga akaona aibu. "Ni maneno tu ya kujaza."

Hapo hasira ikanipanda. "Mzee Mabonga! Miaka ishirini na sita unamwimbia mke wako chini ya injini yangu? Ungeniambia nizime! Hakuna mtu alisikia hata neno moja!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia jua si jua. Yeye mwenyewe alikuwa akijisikia, unaona. Maneno alikuwa nayo kichwani, kwa hiyo injini haikumzibia kitu, na hata kwenye kanda za albamu zao aliyasikia yote.

"Nilidhani anasikia," akasema. "Nilidhani anasikia na hazipendi."

Nilikwenda kupanga magunia, na niliporudi alikuwa bado ameketi pale pale.

"Basi sasa atasikia," nikamwambia.

"Na akisikia vizuri," akasema, "na bado aende?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtisha, na nakubali lilinitisha hata mimi.

Jumatatu alifunga karakana, akapanda Ainabkoi, akamkuta Mwalimu akipalilia viazi. Alichukua jembe la pili akapalilia naye mistari miwili, na vidole vile vyake, mpaka Mwalimu mwenyewe akasema basi, inatosha, unakata viazi vyangu. Jumamosi besi likarudi. Mwalimu alikuwa na sharti moja: kabla ya kila wimbo, jina litajwe kwa sauti.

Ndivyo albamu ya nne ilivyozaliwa. Bila injini hapakuwa na sababu ya kupiga dakika arobaini, kwa hiyo nyimbo zikawa za dakika nne. Bila kelele hapakuwa na sababu ya kupiga kelele, kwa hiyo Mabonga akaimba kama mtu anayezungumza na mtu aliye jikoni. Gitaa liliendelea kuzama katikati, hilo hakukubali kuliacha, lakini sasa lilizama mara moja na kurudi, na ukilisubiri lilikuwa tamu. Nilijikuta nikiimba nikipepeta mahindi. Bridgit aliimba akisukuma chapati. Mabonga mwenyewe alinung'unika kila wiki kwamba wamekuwa laini.

Cyril ndiye aliyeumia. Alikuja, akasimama mahali pake, akafumba macho, akangoja kikohozi. Hakikuja. Alifumbua macho, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akawatazama mmoja mmoja.

"Mzee," akasema kwa uchungu, "hii hata mama yangu anaweza kusikiliza."

Alikusudia kuwatukana. Mabonga alilala na maneno hayo siku tatu, akaja kuniambia labda kijana anasema kweli, labda tutafute injini nyingine ya dizeli. Nilimwambia akiniletea dizeli tena ndani ya kisiagi changu nitamsaga yeye.

Wakati huo wote Nasike alikuwa na kazi kubwa ya sare za shule na mazoezi ya kwaya, na chai alimtuma Bridgit apitishe. Kwa hiyo bendi yenyewe hakuwa ameisikia. Siku ya kurekodi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita. Nilifunga kisiagi, nikawarudisha wateja na mahindi yao, jambo ambalo hata siku ya kumzaa Cynthia sikulifanya. Saa kumi kamili Nasike akatokea mwenyewe na chupa ya chai.

"Leo hamsagi?" akaniuliza.

"Leo tumepumzika," nikamjibu, na nikaanza kufagia mahali palipokuwa pasafi.

Mabonga alimwona. Mwalimu alisema kwa sauti, "Mvua ya Soy," wakaanza.

Nasike akaweka chupa juu ya mizani. Akasimama. Uso wake ulikuwa umeshajitayarisha kuonja yale maziwa, na nadhani hakusikiliza hata kidogo, kwa sababu mtu akishazoea jambo miaka ishirini na sita masikio hujifunga yenyewe. Akageuka. Nilitaka kumshika kanga, nikajizuia, maana Mabonga alikuwa amesema akae mwenyewe. Akatembea mpaka mlangoni. Mabonga alikuwa akiutazama mgongo wake kama kila siku, na vidole vyake vikakosa mahali pa kushika, gitaa likatoa mlio ambao haukuwa wa wimbo huo wala wa mwingine. Munene akamfunika kwa kinanda. Mabonga hakuacha kuimba. Aliimba soko la Soy, akaimba mvua, akaimba msichana wa mboga aliyesema njoo huku, utaloa.

Nasike akasimama mlangoni. Akashika mwimo kwa mkono mmoja. Hakugeuka. Gitaa likazama, na mimi nikasema moyoni sasa anakwenda, hapa ndipo huenda. Hakwenda. Likaibuka. Akabaki pale, mgongo kwetu, mpaka nyuzi zikanyamaza, mpaka Munene akazima mitambo, mpaka nikasikia kuku wa jirani. Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Mwalimu naye alikuwa akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Nasike akageuka.

"Baba Joy," akasema. "Haikuwa mwavuli."

"Nini?"

"Pale Soy. Mimi ningetoa mwavuli wapi? Ilikuwa gunia. Gunia ya makaa. Tulijifunika, ukafika kwetu uso mweusi, mama akaniuliza nimemletea nani."

"Mwavuli ndiyo inaimbika," Mabonga akajitetea kwa sauti ndogo.

"Gunia pia inaimbika. Imba." Akavuta kiti changu akaketi, akalaza mikono juu ya mapaja. Kisha, kama aliyekumbuka kitu: "Na sweta ile nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie." Bila shaka alikuwa amemsikia Bridgit akiuimba wimbo huo alipokwenda kwake kuchukua chai. "Sasa rudia. Mwalimu, unaingia nyuma ya wenzako. Wewe wa kinanda, punguza."

Wakarudia. Akawasimamisha kwenye mstari wa pili. Wakarudia tena, na kwenye gunia akawasimamisha, akaimba mwenyewe kuwaonyesha, na sauti yake ilipopanda juu ya lile gitaa linalozama, hata mimi nisiyejua muziki nilielewa kwamba wimbo ulikuwa umemngoja. Mabonga alisahau kuingia. Akagombezwa.

Saa kumi na moja ikapita. Chai ilikuwa imepoa juu ya mizani na hakuna aliyeigusa. Cyril alipita, akachungulia, akabaki mlangoni, na safari hii sijui kwa nini alikuwa amefumba macho. Wimbo mmoja ulikuwa umerudiwa mara kumi na nne. Wazee watatu walikuwa wametoka jasho kama wanakwaya wapya, na Mabonga, akinyoosha vile vidole vyake, uso wote umejaa furaha ambayo hakujua aiweke wapi, akaniinamia nilipokuwa na ufagio wangu.

"Mama Cynthia," akaninong'oneza, "huyu mama anaenda nyumbani saa ngapi?"

Lakini nilishakuambia kuhusu masikio ya Nasike.

"Wimbo haujaisha, Baba Joy," akasema bila kugeuka. "Tena. Kutoka kwa mvua."